Viwanda Viwili vya Uzi vya Paisley: Kimoja Kimesimama, Kingine Hakipo

Mwaka 1886, katika mji wa Paisley nchini Scotland, mafundi walimaliza jengo la matofali ukingoni mwa mto White Cart, mahali ambapo maji hushuka kwenye miamba na kufanya maporomoko mafupi yenye kelele. Michoro ilitoka kwa Woodhouse na Morley, wasanifu wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata wasanifu hao hao walikuwa kazini tena upande wa magharibi wa mji, Ferguslie, wakisimamisha kiwanda kingine, kikubwa zaidi na chenye mapambo mengi zaidi. Vyote viwili vilikuwa vya uzi wa kushonea. Vyote viwili vilikuja kuingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Kile cha mtoni leo kinakaliwa na watu. Jioni taa huwaka kwenye madirisha ambayo zamani yalimulikia mashine. Kile cha Ferguslie kilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni nadra kupata kisa kilichonyooka hivi. Wasanifu walewale, bidhaa ileile, muongo uleule, mji uleule, ulinzi uleule wa sheria. Mwisho tofauti kabisa. Na kuna jambo la tatu linalokifanya kisa kiwe kizito zaidi. Familia mbili zilizomiliki viwanda hivyo, Clark na Coats, ziliujengea mji ukumbi, makumbusho, maktaba, kituo cha kutazamia nyota, bustani na kanisa. Majengo hayo ya zawadi yapo karibu yote. Viwanda vilivyoyalipia vimekwenda karibu vyote. Nimekichukua kisa hiki kwa sababu kila mara nasikia ikisemwa kwamba jengo likishatangazwa kuwa urithi, limeokoka. Paisley inaonyesha vingine.

Mji wa wafumaji

Paisley uko kilomita 11 hivi magharibi mwa Glasgow, una watu wapatao 77,000, na chimbuko lake ni nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1163. Abasia yake bado imesimama katikati ya mji na bado husaliwa. Lakini jina la mji lilienda duniani kwa njia nyingine, na msomaji wa Kiswahili ana uthibitisho wake nyumbani. Tandaza kanga yenye nakshi ile iliyochongoka juu na kunenepa chini, yenye ncha iliyopinda kidogo. Sisi huiita korosho. Waingereza huiita Paisley.

Nakshi haikuzaliwa Scotland. Ni ya Waajemi na Wakashmiri, na ilifika Ulaya kwenye shali za sufu laini kutoka Kashmir, ambazo moja ingeweza kumchukua mfumaji mwaka au zaidi. Bei yake ilikuwa ya matajiri tu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 wafumaji wa Paisley waliiga shali hizo kwa mitambo yao, kwa muda mfupi zaidi na kwa bei ambayo mke wa karani angeimudu. Waliziuza kwa wingi hata jina la waigaji likakaa juu ya kazi ya walioigwa. Hilo nalisema waziwazi kabla ya kuwasifu wafumaji wa Paisley, maana sifa wanayo, na nakusudia kuwapa.

Sifa yao kubwa kwangu ni uzi mmoja. Shali ilifumwa kwa rangi nyingi, na ili rangi hizo zisilegee, mfumaji alipaswa kupitisha kila mara uzi mwembamba wa kufungia kazi nzima. Kwa Kiskoti waliuita sma' shot, mpito mdogo. Ukiishika shali iliyokamilika huuoni. Kwa kuwa hauonekani, wenye mali walikataa kuulipia: mfumaji alilipwa kwa mistari ya rangi peke yake, na ule wa kufungia akaununua kwa pesa yake mwenyewe. Asipouweka, shali haina maana. Akiuweka, amejikata ujira. Mvutano huo ulichukua miaka mingi, ukaisha mwaka 1856 wenye mali walipokubali kuulipia. Siku ya ushindi ikaitwa kwa jina la uzi wenyewe, na mpaka leo huadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Mji ulikuwa umekwisha kuonja dhiki kabla ya hapo. Kati ya 1841 na 1843 biashara ya shali ilianguka vibaya. Kampuni 67 kati ya 112 zilifilisika na maelfu ya watu wakawa wanaishi kwa chakula cha msaada. Malkia Victoria alinunua shali za Paisley mwaka 1842 ili zirudi kwenye fasheni. Katika miaka hiyohiyo hazina ya mji nayo ilishindwa kulipa madeni yake. Msomaji alishike hili la hazina, maana linaeleza mengi kuhusu nani alikuja kujenga nini.

Kutoka kwenye mtambo hadi kwenye kigogo cha uzi

Uzi wa kushonea ulizaliwa kutokana na upungufu. Kwenye mtambo wa kufumia kuna vitanzi vinavyoinua na kushusha nyuzi za mtande, zile zinazotandikwa kwa urefu wa kitambaa, na vitanzi hivyo vilitengenezwa kwa hariri kwa sababu ni laini na haikwaruzi. Vita vya Napoleon vilipoziba njia za hariri, Patrick Clark wa Paisley, mwaka 1806, alipata namna ya kusokota pamba mpaka ikalainika kama hariri. Haikuchukua muda kugundua kwamba kinachofaa kwenye kitanzi kinafaa pia kwenye sindano. Mwaka 1812 akina Clark walikuwa na kiwanda pale Seedhill, kando ya maporomoko ya mto. Mwaka 1826 James Coats alifungua cha kwake Ferguslie, na wanawe wakakiendeleza kwa jina la J. & P. Coats. Husimuliwa kwamba akina Clark walipoanza kuuza uzi uliozungushwa kwenye kigogo kidogo cha mti, mteja alitozwa nusu peni kwa ajili ya kigogo na kurudishiwa alipokileta kitupu.

Cherehani iliposambaa kuanzia miaka ya 1850, mahitaji yakapanda kuliko walivyoweza kuota. Clark walifungua kiwanda Newark, Marekani, na Coats wakajiimarisha Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Mwaka 1896 familia hizo mbili, zilizokuwa zikishindana kwa miaka sabini, ziliungana, na kampuni yao ikawa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za viwanda duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wapatao 10,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vyao mjini Paisley. Wengi wao walikuwa wanawake na wasichana.

Na pamba? Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, sehemu kubwa ya pamba iliyoingia Uingereza ilivunwa na Waafrika waliokuwa watumwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Utajiri wa miji ya pamba una mikono hiyo ndani yake. Anayeandika habari za majumba mazuri ya miji hiyo bila kuitaja mikono hiyo anafanya walichofanya wenye mali wa shali: anahesabu rangi na kuacha uzi wa kufungia.

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini majengo yalikuwa na maumbo yale. Pamba iliyosokotwa mara moja haifai kushonea, ukiivuta inakatika. Nyuzi mbili, tatu, hata sita huunganishwa na kusokotwa tena kwa upande wa kinyume ili zikazane. Uzi huo bado una manyoya, kwa hiyo hupitishwa kwenye ndimi za moto wa gesi kwa kasi kubwa, kasi inayochoma manyoya na kuuacha uzi mzima. Hupaushwa au kutiwa rangi, hung'arishwa, ndipo hufika kwenye jengo la umaliziaji. Huko huzungushwa kwenye vigogo, hubandikwa lebo za duara kwenye ncha zote mbili, huhesabiwa na kufungwa kwenye maboksi.

Hatua hizi hazihitaji jengo la aina moja. Kusokota kunataka sakafu pana zenye nguvu, mashine ndefu zikipangwa safu kwa safu, joto na unyevu ili pamba isikatike. Mwanga si shida kubwa. Kumalizia ni kazi ya macho na vidole: rangi ilingane na rangi, lebo ikae sawa. Kunahitaji mwanga. Jengo la 1886 pale mtoni, ambalo ni sehemu ya viwanda vya Anchor vya akina Clark, lilikuwa la kumalizia, na katikati yake kuna uwazi unaopanda kutoka chini hadi paa la vioo, ghorofa zikiuzunguka kama veranda za nyumba yenye ua wa ndani. Jengo la Ferguslie, Namba Moja, lilikuwa la kusokota. Kwa kimo na mapambo lilikuwa kasri. Kwa ndani lilikuwa sakafu pana zilizojaa mashine, na katikati yake palikuwa mbali sana na dirisha.

Zawadi

George Aitken Clark alifariki mwaka 1873 na katika wosia wake akaacha pauni 20,000 ili Paisley ipate ukumbi wa mji. Nduguze wakaongeza kilichopungua. Mashindano ya michoro yalishindwa na W. H. Lynn wa Belfast, na ukumbi ukafunguliwa Januari 1882, kando ya mto, ukitazamana na abasia, una minara na ukumbi mkubwa wa muziki na mikutano. Ukisimama hapo unaona mambo matatu kwa mpigo mmoja: kanisa lenye chimbuko la karne ya kumi na mbili, ukumbi wa pesa za uzi, na mto uliosukuma magurudumu ya kwanza.

Akina Coats walikuwa wameanza mapema. Thomas Coats aliupa mji bustani ya Fountain Gardens mwaka 1868, na ndani yake chemchemi kubwa ya chuma yenye sanamu za walrasi, wanyama wa bahari ya barafu wenye pembe ndefu kama za ndovu. Ndugu yake, Sir Peter, alitoa maktaba na makumbusho, yakafunguliwa 1871. Chama cha wasomi wa mji kilipotaka kununua darubini, Thomas alisema atailipa yeye, na mwisho akalipa jengo zima la kuiweka. Kituo hicho cha kutazamia nyota, kilichochorwa na John Honeyman kama makumbusho yenyewe, kilifunguliwa Oktoba 1883. Thomas alifariki mwezi huohuo. Familia ikajenga kanisa la kumkumbuka, la Wabatisti, lililochorwa na Hippolyte Blanc na kufunguliwa 1894, kubwa kiasi kwamba wengi hulilinganisha na kathedrali.

Mji ambao hazina yake ilikuwa imeanguka miaka ya 1840 haukuwa na namna ya kujijengea vitu hivi. Hapa ndipo penye fundo la kisa. Kwingineko ukumbi wa mji ulijengwa kwa kodi, na wenye mji walijadili kila tofali. Paisley ulijengwa kwa wosia na ukarimu wa watu wawili watatu, kutokana na faida iliyobaki baada ya mishahara. Nawaheshimu watoaji, wangeweza kuzitumia pesa hizo kwa farasi na mashua, na baadhi ya wenzao walifanya hivyo. Lakini msichana aliyesimama saa nyingi kwenye joto na unyevu wa sakafu ya kusokotea naye alichangia ukumbi ule, na jina lake haliko ukutani.

Mji huu, lakini, una kumbukumbu nyingine pia, na inanifurahisha. Karibu na abasia kuna sanamu ya Alexander Wilson, mfumaji aliyeandika shairi la kumshutumu mwenye kiwanda kwa kuwapunja wafumaji. Alifungwa, akalazimishwa kulichoma shairi lake hadharani, na mwaka 1794 akahamia Marekani, ambako alijijengea jina kama baba wa elimu ya ndege ya nchi hiyo. Sanamu yake ilisimamishwa 1874. Iko jirani na sanamu za akina Clark na Coats.

Kufunga

Uzi uliporomoka polepole. Nguo za dukani ziliua ushonaji wa nyumbani, nyuzi za viwandani za aina mpya zikachukua nafasi ya pamba, na kampuni ikahamishia uzalishaji kwenye nchi za mishahara midogo. Mjini Paisley viwanda viwili vikubwa vya Anchor, Atlantic na Pacific, vilivyojengwa miaka ya 1870, vilibomolewa miaka ya 1970. Ferguslie ilifungwa miaka ya 1980. Anchor ikafuata mwaka 1993, na kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya 180 hapakuwa na uzi unaotengenezwa pale mtoni.

Sasa turudi kwenye majengo mawili. Kwa tathmini yangu sababu za mwisho wao kuachana ni nne, na hazina uzito sawa.

Mahali palisaidia. Jengo la Anchor liko hatua chache kutoka abasia na ukumbi wa mji, juu ya maporomoko, mbele ya macho ya kila apitaye. Likichakaa, mji mzima unaona aibu. Ferguslie iko pembeni, na kitu kinachoharibika pembeni hulalamikiwa na majirani peke yao.

Umbo lilisaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ule uwazi wa katikati, uliowekwa ili wasichana waone rangi ya uzi, ulikuja kuwapa nuru wapangaji: nyumba zinaweza kupata mwanga pande zote mbili. Sakafu pana za kusokotea hazikati vyumba vizuri. Utapata vyumba vya mbele vyenye madirisha mazuri na vya nyuma vyenye giza la mchana. Mwekezaji anayepiga hesabu huona hilo siku ya kwanza.

Wakati nao ulikuwa na neno. Ferguslie ilibaki tupu kipindi ambacho watu wachache waliamini kwamba mtu mwenye pesa atataka kulala ndani ya kiwanda cha zamani. Miaka kumi baadaye miji mingi ya Uingereza ilikuwa imethibitisha kwamba atataka. Jengo la Anchor lilisubiri kwa muda wa kutosha. Ukarabati wake ulikamilika 2005, likawa na nyumba za kuishi na ofisi. Jirani yake, kiwanda cha Mile End cha mwaka 1900 hivi, nacho kiligeuzwa kuwa makao ya biashara ndogondogo.

Lakini sababu ninayoiona kuwa mama wa zote ni mwenyewe ni nani. Ukumbi, makumbusho, maktaba, bustani na kituo cha nyota vilitolewa kwa mji. Siku kampuni ilipokunja virago, vitu hivyo havikuondoka nayo, kwa sababu vilikuwa na mwenyewe: halmashauri, yenye bajeti ndogo lakini yenye wapiga kura wanaoweza kuiuliza. Viwanda vilikuwa mali ya kampuni yenye wanahisa. Kampuni ilipovimaliza, vilibaki kuwa kiwanja chenye jengo la usumbufu juu yake. Orodha ya ulinzi humzuia mtu kubomoa bila kibali. Haimlazimishi kupenda jengo, na haileti bati wala fundi. Mfereji mmoja wa paa ukiziba, maji huingia ukutani. Mbao zikioza, sakafu hushuka. Watoto wakiingia, moto hufuata. Baada ya miaka kadhaa mhandisi huja na kuandika, kwa ukweli kabisa, kwamba jengo ni hatari. Kibali hutoka.

Kanisa la akina Coats linathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Ni zawadi, ni zuri kupindukia, lakini halikuwa la mji. Lilikuwa la waumini wake. Waumini walipungua mpaka wasiweze kulihudumia, na ibada zikakoma mwaka 2018. Hata hivyo sitaki kuivuta hoja kupita kiasi chake. Jengo la zamani la serikali ya kaunti, lililokuwa na gereza lake na likiwa mali ya umma tangu mwanzo, lilibomolewa katika karne ya 20 mji ulipotaka nafasi ya mambo mapya. Kuwa na mwenyewe hakutoshi kama mwenyewe amechoka nawe.

Mji ulipoamka

Kilichobadilika Paisley ni kwamba mwenyewe alirudi kupenda mali yake. Mwaka 2017 mji uliingia kwenye mashindano ya kuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza wa 2021, ukawa mji mdogo wa kwanza kufika kwenye orodha ya mwisho, halafu ukashindwa na Coventry mwezi Desemba. Mipango iliyoandikwa kwa ajili ya mashindano haikutupwa. Ukumbi wa mji ulifungwa, ukakarabatiwa kwa pauni milioni 22, ukafunguliwa tena Oktoba 2023, wakati huohuo mji ulipopokea Mòd, tamasha kuu la taifa la nyimbo na ushairi wa Kigaeli. Makumbusho yenye shali zaidi ya 1,000 yalifungwa 2018 kwa ajili ya ujenzi mkubwa zaidi. Maktaba ilihamishiwa kwenye barabara kuu, ndani ya jengo lililokuwa duka.

Ninaoupenda kuliko yote ni mradi mdogo, Russell Institute. Ilijengwa kwa pesa za Agnes Russell kuwakumbuka kaka zake, ikafunguliwa 1927 kama zahanati ya mama na mtoto. Huduma za afya zilipohama ilibaki tupu, na ingeweza kwenda njia ya Ferguslie. Halmashauri iliikarabati na mwaka 2017 ikaiweka huduma ya kuwasaidia watu kupata kazi na ujuzi. Jengo lililojengwa ili watoto wa maskini wapone sasa lina wazazi wanaotafuta ajira. Hiyo ndiyo maana ya kulipa jengo kazi: si kuligeuza mkahawa wa kila mahali, ni kutafuta kazi inayofanana na ile lililojengewa.

Jengo jingine la Paisley ambalo limekwisha kutoweka linajulikana na kila mwanafunzi wa sheria wa Nairobi na Dar es Salaam, ingawa wengi hawajui lilikuwa mji gani. Agosti 1928 Bi May Donoghue alikuwa kwenye mkahawa wa Wellmeadow akinywa kinywaji cha tangawizi, na, kwa maelezo yake, kwenye chupa kulikuwa na konokono aliyeoza. Hukumu ya 1932 katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ndiyo iliyojenga sheria ya uzembe, yaani wajibu wa kutomdhuru mwenzako kwa kutokuwa mwangalifu, tunayoitumia katika nchi zetu. Mkahawa haupo, pana kumbukumbu mahali ulipokuwa. Pengine kuna majengo ambayo hilo linayatosha. Mkahawa ulikuwa chumba tu. Jambo lenyewe lilikuwa hukumu, na hukumu tunayo.

Kwa viwanda hapana. Kumbukumbu ya jiwe haiwezi kukuonyesha jinsi mwanga ulivyoshuka kwenye meza ya kubandikia lebo, wala umbali ambao msichana wa miaka kumi na mitatu alitembea kutoka ngazi hadi mashine yake. Ferguslie ilikuwa na shule yake, iliyojengwa 1887 kwa ajili ya wasichana wa nusu siku: nusu darasani, nusu kiwandani. Lilikuwa jengo la heshima, la wasanifu walewale wa Bradford. Kiwanda kilipokwenda, shule iliachwa ikichakaa miaka kwa miaka, ikaingia kwenye orodha ya majengo yaliyo hatarini na kukaa humo. Kama ningeambiwa nichague jengo moja tu la kuokoa katika kisa hiki kizima, ningepita mbele ya ukumbi na makumbusho nikaenda kuiokoa shule hiyo. Ndiyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi watoto wenyewe, na ndani yake ungeweza kueleza yote: faida, ukarimu, elimu na uchovu, katika chumba kimoja.

Kazi ya kueleza, kwa sasa, hufanywa na watu wa kujitolea katika makumbusho madogo ya uzi ndani ya kiwanda cha Mile End. Baadhi yao walifanya kazi viwandani. Vigogo, lebo, picha na vipande vya mashine vimepangwa kwa mikono inayojua vilivyotumika. Anchor ilifungwa 1993. Hata yule aliyeingia siku za mwisho akiwa na miaka 16 sasa anakaribia hamsini, na walioijua kazi nzima, kuanzia moto wa gesi hadi lebo, ni wazee.